Uso Usio na Mwenyewe

Siku ya Jumanne, tarehe 3 Septemba 2024, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, upepo mkavu ulikuwa ukivuma kutoka ziwani na kuijaza vumbi barabara kuu ya mji wa Baraka, hata madereva wa pikipiki walikuwa wamejifunga vitambaa puani. Hapakuwa na wingu hata moja, na mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi mitatu. Wilfried, mpiga picha aliyekuwa na studio karibu na soko, alifunga dirisha, akalipangusa kwa brashi shuka jeupe lililotundikwa nyuma ya kiti, kisha akamketisha mteja wake wa kwanza.

Mteja huyo alikuwa Uwamwiza, mwalimu aliyeshuka kutoka Minembwe siku mbili kabla. Alihitaji picha nne za pasipoti kwa ajili ya faili lake la kazi.

"Usinizeeshe, Papa," alisema, akijitengeneza kola. "Kule juu batasema ni mama yangu njo aliomba kazi."

"Foto haizeeshe muntu, mwalimu. Inasema tu vile iko."

"Basi leo iseme uongo kidogo."

Wilfried alicheka, akapiga, akachapisha. Alipoinua wembe ili azikate picha, aliona doa la kijivu juu ya bega la kushoto la mwalimu, mahali ambapo pangepaswa kuwa peupe kabisa. Alidhani ni vumbi. Alipangusa kioo cha kamera kwa pindo la shati, akalikung'uta shuka, akapiga mara ya pili. Doa lilikuwa palepale. Kwa kuwa alikuwa mtu wa kupima kila kitu, aliweka rula: milimita tatu.

"Huku munamwagilia udongo ndani ya nyumba?" aliuliza mwalimu, akinusanusa. "Kunanuka kama shimo limechimbwa sasa hivi."

Wilfried naye alikuwa ameisikia harufu ile, harufu ya udongo mbichi, katika mji ambao hata visima vyake vilikuwa vimeanza kukauka. Alilifuta doa kwenye kompyuta, akampa mwalimu picha zake, akamsindikiza hadi mlangoni.

Kwenye picha ya mteja wa pili, doa lilikuwa na milimita tano. Kwenye picha ya mteja wa tisa, ilipokaribia saa sita mchana, lilikuwa na milimita kumi na moja, na halikuwa tena doa. Wilfried alichukua kioo cha kukuzia, akainama juu ya karatasi, akaona paji la uso, pua, mdomo uliofumbwa, na macho mawili yaliyokuwa yakimtazama.

Aliufahamu uso ule. Alikuwa ameutengeneza yeye mwenyewe.

Tangu vita vilipoanza kuchoma nyumba vijijini, watu wengi wa eneo la Fizi walikuwa wamezika jamaa zao bila kubaki na picha yao hata moja. Kwenye familia nyingi, siku ya kuondoa matanga, picha ya marehemu huwekwa juu ya kiti mbele ya watu, na kila mmoja hupita kumuaga. Kiti kikikaa kitupu, huzuni haifungwi. Wilfried alikuwa amebuni njia ya kuwasaidia. Aliwapiga picha ndugu wa damu wa marehemu, akachukua pua kwa huyu na mdomo kwa yule, akaviunganisha kwa kuelekezwa na mjane au mama, mpaka mtu alie na kusema, "Ni yeye." Kwanza alitengeneza picha ndogo ya kipimo cha pasipoti, kichwa kikiwa na milimita thelathini na nne kutoka kidevuni hadi utosini, sawa na picha zake zote, baadaye ndipo aliikuza. Kanuni yake ilikuwa moja: kila kiungo kitoke kwenye damu ya marehemu.

Tarehe 13 Agosti, Mama Godelieve alikuja kutoka kijiji cha Lubondja pamoja na shemeji zake wawili, Élie na Fabien. Mume wake, Alphonse, alikuwa ameugua msituni wakati wa kukimbia na kuzikwa hukohuko. Matanga yangeondolewa Jumamosi, tarehe 17. Paji la uso na pua vilitoka kwa Élie, mdomo na kidevu kwa Fabien, na mjane alivikubali siku ileile. Macho ndiyo yaliyomshinda.

"Hapana," alisema alipoonyeshwa jaribio la kwanza. "Ile ni macho ya Élie. Alphonse alikuwa anakuangalia kama vile haujamaliza kusema."

Alilikataa la pili. Alilikataa na la tatu. Ijumaa alasiri, Wilfried, akiwa amechoka na watu wakimngoja barazani, aliinua kichwa na kuiona picha ya binti yake Ketsia, mwenye miaka tisa, iliyotundikwa ukutani upande wa kulia wa shuka. Ketsia alikuwa na macho ya namna hiyo: macho yanayongoja uendelee. Kwenye picha yake ya pasipoti, kutoka mboni moja hadi nyingine palikuwa na milimita tisa. Uso wa Alphonse ulikuwa mpana zaidi, kwa hiyo Wilfried alivuta kidogo, akaachanisha macho yale mpaka yakakaa vizuri kwenye milimita kumi na moja. Mama Godelieve aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Iko yeye," alisema mwishowe. "Sasa iko yeye."

Hayo yote yalimrudia Wilfried alipokuwa ameinama na kioo cha kukuzia mkononi. Alifunga studio na kwenda nyumbani kula. Ketsia alikuwa ameketi mezani, hajagusa chakula.

"Papa, leo nilikuona ku studio."

"Ulikuja saa ngapi? Si ulikuwa ku masomo?"

"Sikuja. Nilikuwa ku masomo, lakini nilikuona. Ulikuwa unapangusa kioo ya apareyi na shati yako. Kulikuwa mama mumoja, alikuwa ananipa mugongo."

Solange, mke wa Wilfried, aliguna akiwa anapakua ugali. "Mutoto wa fotografe. Benzake bakilala banaota mikate, yeye anaota foto."

"Sikulala, mama. Nilikuwa nyuma ya shuka."

 Wilfried alinawa mikono mara ya pili, ingawa alikuwa amekwisha kunawa.

Kesho yake, Jumatano, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Ketsia aliita kutoka kitandani akiomba taa iwashwe. Jua lilikuwa limekwisha kuingia dirishani na kumpiga usoni. Solange alimpungia mkono mbele ya macho, akampungia tena, na mtoto hakupepesa hata kope.

"Unaona nini, mama yangu?" alimuuliza kwa sauti ndogo.

"Naona shuka. Iko karibu sana. Naona nyuzi zake."

Wilfried hakutaka kuamini kabla ya kuhakikisha. Alikwenda studio peke yake, akafungua mlango wazi kabisa ili mwanga na kelele za soko viingie, akasimama hatua tatu mbele ya shuka na kumpigia mke wake simu. Harufu ya udongo ilikuwa nzito kiasi cha kuonjwa ulimini.

"Muulize mutoto, naonyesha vidole ngapi."

Alisikia minong'ono upande wa pili. "Anasema tatu."

Vilikuwa vitatu. Alibadilisha. "Na sasa?"

"Anasema moja. Papa Ketsia, nini inafanyika huko?"

"Muulize tena. Na sasa?"

 Shuka, ambalo halikuguswa na upepo wowote, lilisogea mbele kidogo, kama nguo inavyosogea mtu anapopita nyuma yake, kisha likarudi likatulia. Wilfried alilipa mgongo, akageukia mlango.

"Anasema haone tena vidole," Solange alinong'ona. "Anasema imetoka nyuma ya shuka. Anasema sasa anaona mugongo yako. Papa Ketsia, mutoto analia, anasema usigeuke, anasema iko karibu kabisa, iko inaangalia shingo yako, kwenye ile kovu ya utoto."

Wilfried hakugeuka, alisimama na simu sikioni huku akihisi ubaridi wa udongo wa chini kabisa ukimpumulia penye kovu lile ambalo hakuna mtu angeweza kuliona bila kuinamisha kichwa chake juu ya kola ya shati, na aliwaona wauza samaki ng'ambo ya barabara wakicheka na kupanga mafungu yao bila hata mmoja kutazama upande wake, na ndipo alipoanza kutembea kuelekea mlangoni kwa hatua alizozihesabu moja moja, nne, tano, sita, akisikia nyuma ya kila hatua yake sauti ya kitu kilicholowa kikiwekwa sakafuni taratibu, mpaka jua likampata usoni na sauti ile ikakoma kizingitini.

Saa nne ya asubuhi hiyo, Solange alimbeba Ketsia mgongoni, ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa, wakaenda kwa Mama Émilienne. Mwanamke huyo alikuwa mkunga kwa miaka arobaini. Sasa watu walimwendea kwa mambo mengine, na mchungaji wake alijifanya hajui. Alimsikiliza Wilfried mpaka mwisho bila kuacha kupepeta mchele.

"Weye unapimaka kila kitu," alisema. "Ujinga yako iko na santimetre ngapi?"

Wilfried aliinamisha kichwa.

"Sikia. Marehemu Alphonse alienda na sura yake. Hakukuomba kitu. Lakini kuko vitu vinatembeaka bila sura, muzuri havina pa kuingilia. Weye ulitengeneza uso. Pua ya muntu muzima, kinywa ya muntu muzima, damu moja. Hiyo peke yake ingekuwa nyumba imefungwa. Kisha ukaweka macho ya damu ingine, ukaacha mulango wazi."

"Ni jini?" aliuliza Solange.

"Iite jini, iite pepo. Haiitike. Haina jina, ilikuwa na njaa ya uso, na bwana yako aliipa." Aliweka ungo chini, akamgusa Ketsia kope kwa kidole gumba. "Bado inajifunza kuona. Ikizoea haya macho, haitarudisha. Kamateni ile foto, mulete na bale ndugu ya Alphonse, mbele ya Jumamosi. Kila muntu arudishiwe chake."

Alhamisi Wilfried alipanda pikipiki hadi Lubondja. Alimkuta Élie uani akichoma majani, moshi ukimfuka usoni bila yeye kukunja uso. Tangu siku ya matanga, alieleza, hakusikia tena harufu ya kitu chochote, na wiki iliyopita alikuwa amekula samaki aliyeoza bila kujua. Fabien alikuja akamshika mkono Wilfried na kumtikisia kichwa. Sauti yake ilikuwa imekwenda. Mdomo ulifunguka, ukafumba, na hakuna kilichotoka.

Picha ilikuwa juu ya kabati, ndani ya fremu, imefunikwa kitambaa. Mama Godelieve alisimama mbele yake.

"Munataka kunikamatia mume yangu mara mbili?"

"Mama, binti yangu haone tena."

"Binti yako anaingia wapi mu mambo ya Alphonse?"

Wilfried alimwambia. Hakuacha kitu, isipokuwa kimoja tu alichokiona kidogo mno hata kukitaja. Mjane aliketi juu ya kitanda.

"Nilijua," alisema. "Ile siku nilijua. Nilisema iko yeye juu ya vile nilikuwa nimechoka, na bantu balikuwa banangoja, na kiti ilikuwa bila muntu. Kila asubuhi naisalimia. Kila asubuhi inaniangalia kama vile haijamaliza kunitazama. Alphonse alikuwa anajua kuangalia pembeni." Aliitoa fremu juu ya kabati kwa mikono miwili, akampa bila kuifunua. "Na mimi nitakuja. Nataka nione vile inaisha."

Ijumaa, tarehe 6, saa tisa alasiri, walikuwa wote ndani ya studio: Wilfried, Solange na Ketsia; Élie na Fabien; Mama Godelieve; na Mama Émilienne, aliyekuwa ameagiza beseni la maji ya ziwa na wembe uleule wa kukatia picha. Mlango ulifungwa. Mwanga uliingia kwa nyufa za dirisha tu. Kwa amri ya mkunga huyo, Wilfried alikwisha kufuta kwenye kompyuta kila faili la uso ule, na hata kadi ya kamera ilikuwa imevunjwa.

Mama Émilienne alianza kuimba wimbo wa kanisa, polepole, kama mtu anayeosha vyombo. Aliikata pua pamoja na paji la uso, akaiweka majini.

"Ulichukua vile ilikuwa?" alimuuliza Wilfried. "Haukuongeza, haukupunguza?"

"Vile ilikuwa."

Élie alinawa uso kwa maji yale. Alipiga chafya mara mbili, akatoa macho. "Jamani," alisema, "kumbe hapa kunanuka hivi!" Solange alicheka na kulia kwa pamoja.

Ulifuata mdomo. "Ulichukua vile ilikuwa?"

"Vile ilikuwa."

Fabien alinawa, akakohoa tope jeusi kwenye kiganja chake, na neno lake la kwanza lilikuwa jina la kaka yake marehemu.

Yakabaki macho. Ndipo shuka lilipoanza kuvimba. Lilivimba taratibu kutoka katikati, kama tumbo, kisha vikajitokeza kwenye kitambaa vitundu viwili vya macho na hakuna kingine, hakuna pua, hakuna kinywa, na Ketsia, aliyekuwa amepakatwa na mama yake, alianza kueleza kwa sauti ya usingizi yote aliyoyaona, kwamba aliona vichwa vyao kutoka juu, kwamba aliona wembe ukiwa mkononi mwa Mama Émilienne, kwamba aliona mtoto mmoja amekaa juu ya mapaja ya mwanamke, mtoto mzuri, mwenye nafasi ndani.

"Fotografe!" alisema Mama Émilienne, mara hii kwa ukali. "Haya macho. Ulichukua vile ilikuwa? Haukuongeza, haukupunguza?"

Wilfried alikumbuka zile milimita mbili.

Picha halisi ya Ketsia ilikuwa ukutani, upande wa kulia wa shuka, hatua nne kutoka aliposimama. Angeweza kuifikia. Angeweza kusema, "Ngoja, mama, nilivuta kidogo, macho ya kweli ni yale pale." Lakini hatua nne zile zilipita mbele ya kitambaa kilichovimba, na vitundu viwili vilikuwa vimekwisha kumgeukia yeye, vikingoja aendelee kusema. Milimita mbili, alijiambia, ni unene wa kucha.

"Vile ilikuwa," alijibu.

Macho yaliingia majini. Solange alimnawisha binti yake. Shuka lilianguka chini lote kwa mara moja, kamba ikakatika, na nyuma yake palikuwa na ukuta tu. Harufu ya udongo ilikatika pia, ikaachia ile ya samaki wakavu wa sokoni. Ketsia alipepesa kope, akatazama huku na huku, akasimamisha macho kwa baba yake.

"Papa," alisema, "haujanyoa ndevu."

Walimkumbatia mpaka akalalamika kwamba wanamziba pumzi. Mama Godelieve alifunga fremu tupu ndani ya kitenge chake, akawaaga kila mmoja kwa mkono, akaondoka na shemeji zake kabla jua halijazama. Mama Émilienne alimwaga maji barabarani. Mlangoni alimtazama Wilfried kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akaenda zake.

Jumatatu, tarehe 9 Septemba, saa moja na nusu asubuhi, mvua ya kwanza ilikuwa imekwisha kulaza vumbi la Baraka, na manyunyu mepesi yalikuwa yakigonga bati. Ketsia alihitaji picha ya kadi ya shule. Wilfried alitundika shuka jipya, akamketisha, akapiga mara moja. Aliikagua kwenye kioo cha kamera: nyuma palikuwa peupe kabisa. Alipumua, akaona aibu kwa hofu aliyokuwa nayo.

"Papa," Ketsia alisema kutoka kitini, akiwa ameyaelekeza macho yake barabarani, upande wa Lubondja, "Mama Godelieve atarudi siku gani?"

"Kwa nini? Ulimupenda?"

"Nilizoea kumuangalia asubuhi."

Mashine ilikuwa bado inachapisha. Wilfried alisubiri karatasi itoke, akaishika kwenye pembe ili asiichafue, akaiweka mezani kando ya ile ya zamani aliyoitoa ukutani. Hakutaka kupima, lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kuchukua rula. Kutoka kidevuni hadi utosini: thelathini na nne, kama zote. Kwenye picha ya zamani, kutoka mboni hadi mboni: tisa. Alihamishia rula kwenye picha mpya, akaifuta kwa kidole gumba, akaiweka upya, akahesabu mstari mmoja mmoja huku nyuma yake mtoto akimtazama bila kupepesa, akingoja amalize.

Kumi na moja.